Chensoo inapanda sailensa yenyewe ikipata moto: ni oili sili za krenki?

Mpasua_Mbao
Wakuu, chensoo ya cc 70 hivi, kazi yake kupasua mbao. Ikiwa baridi inawaka vizuri. Ikishapata moto sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujabonyeza mafuta) inapanda yenyewe, na nikiachia mafuta inabaki inalia juu sekunde tatu nne ndipo inatulia. Nikiilaza ubavu, mlio unabadilika. Kabureta imesafishwa na kuwekwa diaframu mpya, plagi mpya, filta ya tenki mpya. Ili itulie imebidi skrubu ya L (ya kurekebisha petroli ya mwendo wa chini) niifungue karibu mizunguko miwili. Nimeambiwa ni oili sili za krenki, zile pete za mpira zinazoziba pembeni ya shafti ya krenki. Nitahakikishaje kabla ya kununua? Na zinabadilishwa bila kupasua injini?

Spana_Kumi
Mkuu, izime kwanza, usipasue hata ubao mmoja zaidi. Injini ya tustroki inapata oili yake ndani ya petroli. Sili ikivuja, hewa inaingia chumba cha krenki bila kupita kwenye kabureta. Petroli inapungua, na oili nayo imepungua. Pistoni inachubuka upande wa ekzosti, halafu unanunua pistoni na silinda badala ya sili mbili. Hiyo L ya mizunguko miwili inaficha ugonjwa tu. Misumeno mingi inatulia L ikiwa karibu mzunguko mmoja.

Dalili zako zinaelekea kwenye sili, lakini mpira wa manifoldi (unaounga kabureta na silinda) uliopasuka, kimpira cha pigo kinachoendesha pampu ya kabureta, na gasketi ya silinda vyote vinaleta shida hiyo hiyo. Kinachotenganisha ni kupima presha (kujaza hewa) na mvuto (kunyonya hewa). Fungua ekzosti, weka kipande cha tyubu ya gari kwenye tundu lake, kisha ifunge ekzosti juu yake. Toa kabureta, ziba manifoldi, unganisha pampu ya mkono yenye geji kwenye kimpira cha pigo. Plagi ibaki imekazwa.

Tia presha ya bar 0.5, haitakiwi kushuka. Halafu geuza pampu inyonye, vuta hadi bar 0.5. Vitabu vya ufundi vya Stihl vinakubali mvuto upungue hadi bar 0.3 ndani ya sekunde 20, usipungue zaidi ya hapo. Usiridhike na presha peke yake: mdomo wa sili umeelekea ndani, kwa hiyo presha inaubana kwenye shafti, mvuto unaunyanyua. Sili iliyochoka inaweza kupita kwenye presha ikafeli kwenye mvuto. Wakati unapima, zungusha krenki polepole kwa mkono, maana mara nyingine inavuja ikifika sehemu moja tu ya mzunguko.

Chana_Magogo
Njia ya haraka: iwashe, pulizia petroli kidogo kwenye sili. Mlio ukibadilika umeipata.

Spana_Kumi
Hapana mkuu, ekzosti ya moto iko hapo hapo, hiyo ni kuunguza mtu. Toa klachi na flaiwili, tia presha, paka maji ya sabuni kuzunguka sili: mapovu yatakuonyesha upande. Mapovu yasipotoka na mvuto bado unapungua, paka grisi nzito pale mdomo wa sili unapogusa shafti, kisha vuta tena. Geji ikitulia baada ya grisi, sili ndiyo hiyo.

Fundi_Tustroki
Kwenye misumeno mingi ya ukubwa huo sili zinatolewa kwa nje, injini haipasuliwi. Ili kuizuia krenki, toa plagi, sukuma pistoni mpaka izibe matundu ya silinda, ndipo uingize kamba safi juu yake. Ukiwahi kuingiza, kamba itatumbukia tundu la ekzosti na kubanwa pale. Klachi ina nyuzi za kushoto: inafunguka kwa kuzungusha unakokazia nati ya kawaida. Nyuma yake kuna pampu ya oili ya mnyororo; ukiitoa utaiona sili. Upande wa pili tumia pula kwenye flaiwili, usigonge mapezi kwa nyundo. Ule ufunguo wa nusu mwezi (kichuma kidogo kinachokaa kati ya flaiwili na shafti) uhifadhi, ni rahisi kupotea.

Kabla ya kugusa sili, pima imezama milimita ngapi. Toboa tundu la mm 2 usoni mwake, ingiza skrubu, vuta kwa koleo. Ncha ya drili ipakwe grisi ishike chembe za chuma, na isizame, maana nyuma yake ni beringi. Shafti ikipata mkwaruzo, sili mpya itavuja kama ya zamani.

Safisha kiti cha sili, sugua shafti kwa msasa namba 1000 kwa kuzunguka, usisugue kwa urefu. Paka oili ya 2T (ya tustroki) kwenye mdomo wa sili. Mfereji wa ufunguo una kingo kali, na hapa ndipo sili mpya nyingi huharibika. Kata plastiki ya chupa ya soda, izungushie shafti, telezesha sili juu yake, upande wenye springi ukitazama ndani, kisha chomoa plastiki. Gonga taratibu kwa soketi inayokaribia upana wa sili, mpaka kina kile ulichopima. Badilisha zote mbili, zimekula kazi sawa.

Mpasua_Mbao
Asanteni sana wakuu. Sili ya pikipiki yenye vipimo sawa inafaa?

Fundi_Tustroki
Vipimo vikilingana itaingia, lakini krenki ya msumeno inafika zaidi ya mizunguko 10,000 kwa dakika, na petroli inaigusa sili muda wote. Chukua ya msumeno wenyewe kwa namba ya kipuri. Ukishatoa za zamani, shika ncha ya shafti uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha, na sili mpya itakufa upesi. Hapo ndipo injini inapasuliwa kweli.

Rudia kipimo cha mvuto kabla ya kurudisha klachi. Geji ikishika, rudisha L kwenye mzunguko mmoja na utyuni upya, kwa sababu ukiiacha kwenye miwili itamezwa na petroli na hutaweza kuiwasha.