Mikono ya mama yangu iko kwenye filamu yenu, pesa yake iko wapi?

Wadau, nimenyamaza wiki sita nikiambiwa nisubiri. Leo sinyamazi tena.

Kuna kikosi cha filamu kilitoka Nairobi kikaja Dunga, hapa Kisumu, kushuti sinema ya mapenzi, ya kuchekesha na kuliza kidogo. Jina la kampuni siliandiki. Wenyewe wanajijua, na waliokuwa ufuoni siku zile nne wanawajua. Mama yangu anauza samaki pale. Walimwomba kibanda chake kwa 3,000 kwa siku kwa sababu hangeuza, na kila ekstra 1,000 kwa siku. Tulikuwa ekstra kumi na mmoja. Piga hesabu mwenyewe: 56,000. Iliyoingia mpaka leo ni 5,000, ile ya asubuhi ya kwanza.

Siku ya pili ndiyo inayoniuma. Binti aliyecheza mhusika mkuu alitakiwa aparue ngege, yaani tilapia, huku kijana anamtazama, na hapo ndipo mapenzi yaanze. Alikuwa na kucha za bandia. Kisu kilimponyoka mara mbili, kidogo ajikate. Dairekta akasema, "Mathe, hebu tusaidie na mikono yako." Mama akaketi kwenye kigoda, wakamvisha bangili za yule binti, kamera ikasogezwa karibu kabisa. Akaparua kutoka mkiani kwenda kichwani kama anavyoparua kila siku, akachanja ubavu mara tatu, akageuza, akatia chumvi. Wakarudia mara tisa. Ngege tisa, alionunua yeye alfajiri kwa pesa yake. Hao nao hawajalipwa, na sijawatia kwenye zile 56,000.

Filamu imetoka. Nikamwonyesha kwenye simu jioni baada ya kufunga kibanda. Alipoona kidole gumba chenye kovu la mafuta akaishika simu kwa mikono miwili. "Huyu ni mimi," akasema. Akakaa mpaka mwisho, majina yakaanza kupita, ya madereva, ya waliopika chai, ya aliyebeba taa. Akaniuliza, "Yameisha?" Nikamwambia yameisha.

Na si hilo tu. Kwenye filamu Dunga si Dunga! Wamesema ni Pwani. Watu wamevishwa kanzu na kofia, wanasalimiana kimwambao cha kuigiza, ngege anaitwa changu, na nyuma yao gugumaji linaelea ziwani. Mtu wa Lamu ataiona na kucheka, mtu wa Kisumu ataiona na kukasirika, kwa sababu hata mitumbwi iliyofungwa pale imeandikwa majina ya Kijaluo ubavuni. Ziwa letu lilikuwa zuri la kutosha kupigwa picha, ila halikutosha kutajwa? Mvuvi pekee anayeongea kwa lafudhi yetu wamempa kazi ya kuanguka majini ili watu wacheke.

Produsa alikuwa anamtaja Wanuri Kahiu, mwongozaji filamu Mkenya, kila tukikaa kula, kwamba anataka kufika alikofika. Basi nami nikamfuatilia. Filamu yake ya 2018, Rafiki, ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa Cannes, na mapenzi yale yanatokea Nairobi, inaitwa Nairobi. Mwaka 2022 akaongoza Look Both Ways, ile ya Lili Reinhart, ya msichana anayepima mimba usiku wa mahafali na maisha yake yakagawanyika mara mbili. Upande mmoja anarudi kwa wazazi Austin, upande mwingine anakwenda Los Angeles. Austin inabaki Austin mpaka mwisho. Ukitaka kumfuata mtu, mfuate na hapo.

Nimepiga simu mara nyingi. Kwanza waliniambia wafadhili hawajatoa pesa. Halafu mhasibu yuko safarini. Wiki jana kijana mmoja akanijibu kwamba ekstra walipata nafasi ya kuonekana. Mama yangu ameonekana wapi, wakati uso ni wa mwingine na jina halipo? Hakuomba umaarufu. Alifunga biashara siku nne akiwaita wale vijana "nyathina", yaani mwanangu, akawalisha samaki na ugali bila kuwadai hata senti, na karo ya mdogo wangu ikachelewa.

Najua Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi milioni moja na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Mkataba wa karatasi hatuna. Tuna sauti za WhatsApp ambamo mtu wao anataja bei kwa mdomo wake mwenyewe, na picha ya ukurasa wa daftari walimoandika majina yetu kumi na mmoja. Aliyewahi kufungua kesi ya aina hii hapa Kisumu aniambie alianzia dirisha gani na kama sauti zilikubaliwa. Jirani wa kibanda amekubali kuja kutoa ushahidi. Jumatatu tunakwenda.