Mawindo ya mbogo bonde la Luangwa: tupime vipi usalama kabla ya kutoa avansi?

Mtoto_wa_Kamalondo (Lubumbashi)

Jambo wakubwa. Mimi na shemeji tunapanga kwenda kuwinda Zambia mwezi wa tisa: siku 7 kwenye kitalu kimoja (eneo la uwindaji) cha bonde la Luangwa, mbogo mmoja na swala pala wawili. Mwenye kampuni anataka avansi, nusu ya pesa, mwisho wa mwezi huu. Mke wangu hapingi safari, ila ameuliza swali ambalo sina jibu lake: mkiumia kule, nani atawatoa na kwa njia gani? Chaguo la pili ni shamba lenye uzio Afrika Kusini. Tiketi ni ghali zaidi, lakini hospitali iko karibu. Tena nina bunduki yenye kibali. Niende nayo au nikodishe ya kambi?

Papa_Katuba

Mama ameuliza swali la kwanza, ambalo wengi hulifikia mwisho. Kabla hamjabishana bei ya mbogo, mwandikie mwenye kampuni akujibu kwa maandishi: kiwanja cha ndege cha karibu kiko umbali gani, njia ya kufika huko inachukua saa ngapi, na namba zake za GPS ni zipi. Viwanja vya porini havina taa. Mwezi wa tisa jua la kule linazama karibu saa kumi na mbili jioni, na ndege ya wagonjwa inahitaji muda wa kujiandaa na kuruka. Kwa hiyo aliyeumia saa tisa alasiri ahesabu kwamba atalala porini mpaka asubuhi. Hapo ndipo kambi inapimwa: wana simu ya setilaiti, au wanapanda kichuguu kutafuta mtandao? Nani anajua kuzuia damu inayoruka?

Kila mmoja wenu awe na garo (mkanda wa kukaza damu) kiunoni, isiachwe kwenye gari. Inafungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya kidonda, isikae juu ya goti wala kiwiko, inakazwa mpaka damu isimame, kisha unaandika saa. Usiilegeze njiani ili "damu ipite kidogo". Watu wanapoteza maisha kwa huruma hiyo.

Kuhusu bima, soma sehemu ya yale wasiyolipa. Nyingi za safari zinaondoa uwindaji wa bunduki, au zinalipa hospitali tu na kuacha ndege. Omba barua inayotaja "uwindaji kwa bunduki" na "kusafirishwa kwa ndege kutoka porini". Uliza pia nani anatoa dhamana ya malipo, maana ndege hairuki kabla ya dhamana. Namba ya bima na zile namba za GPS ziachwe kwa mke wako Lubumbashi, siyo kwenye simu yako peke yake.

Fundi_Risasi

Yaya, bunduki iache nyumbani. Kuivusha mpaka wa Kasumbalesa kunataka ruhusa ya kuitoa Kongo na kibali cha Zambia cha kuiingiza kwa muda, na namba ya bunduki iwe ileile kwenye kila karatasi. Tarakimu moja ikikosewa, unaonekana kama mtu anayepitisha silaha. Kwa ndege napo kuna sheria zake: sanduku gumu lenye kufuli, risasi mbali na bunduki, zisizidi kilo 5 kwa abiria. Kodisha ya kambi.

Lakini uliza ni bunduki gani. Kwa mbogo usikubali chini ya .375 H&H (kipimo cha bunduki kubwa) yenye risasi za uzito wa grein 300. Siku ya kwanza, kabla ya kuingia porini, dai kupiga shabaha ya karatasi ukitumia ile miguu mitatu ya kuegemeza bunduki, mita 50 kwanza, kisha 80. Ukiona unafumba macho kabla ya mlio, mwambie mwindaji bingwa (yule mwenye leseni anayewaongoza) waziwazi. Jicho likae mbali na darubini ya bunduki kama upana wa kiganja, la sivyo mrusho wa nyuma unapasua nyusi.

Hatari ninayoiogopa kuliko pembe ni mtutu unaotembea nyuma ya mgongo wa mtu. Porini mnakwenda mstari mmoja: mfuata nyayo, mwindaji bingwa, wewe, kisha askari wa wanyamapori. Chemba (tundu la risasi kwenye bunduki) ibaki tupu mpaka uambiwe ujaze. Ndani ya gari vilevile. Na muelewane maneno mapema. Ninyi mna Kifaransa, Kiswahili na labda Kibemba, wao wana Kiingereza na Kinyanja. Chagueni maneno manne tu, la kupiga, la kuacha, la kurudia na la kusimama, myaseme pamoja mpaka yazoeleke. Mkono wa mtu aliyeshtuka hausubiri tafsiri.

Mbogo anapigwa theluthi ya chini ya mwili, sawa na mguu wa mbele. Akikimbia na jeraha, msimfuate papo hapo, mwindaji bingwa ataamua kusubiri nusu saa au zaidi. Mbogo aliyejeruhiwa huweza kuzunguka na kujificha kando ya nyayo zake mwenyewe, anawaona mkipita. Kumfuata ni kazi ya mwindaji bingwa, wewe una haki ya kubaki nyuma. Hilo liandikwe kwenye mkataba. Kwa kawaida damu ikionekana unalipa bei nzima, apatikane asipatikane, basi usiruhusu pesa ikusukume kwenye kichaka.

Muganga_Kampemba

Kwenye afya, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano lazima, na inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano. Malaria mnaijua, ila daktari awaandikie dawa ya kinga. Doxycycline inaendelea wiki 4 baada ya kurudi, wengi wanaikatiza.

Jambo linalosahauliwa ni mbung'o. Bonde la Luangwa lina malale (ugonjwa wa usingizi) ya aina ya rhodesiense, inayokwenda mbio kwa wiki chache, tofauti na gambiense tuliyoizoea Kongo, inayochelewa. Kipimo cha damu cha CATT kinachotumika kwetu kinatafuta gambiense peke yake. Ukipata homa baada ya safari, au uvimbe mwekundu mahali ulipoumwa, mwambie daktari "nimetoka Luangwa" na uombe damu iangaliwe kwa hadubini. Nguo ziwe za khaki na nzito kiasi. Bluu na nyeusi zinawaita mbung'o, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

Mnyama mliyemkuta amekufa msimguse. Mwaka 2011 kimeta kiliingia kwa watu wilaya ya Chama, bonde hilohilo, kupitia nyama ya kiboko.

Ukiumwa na nyoka: usichanje, usifunge garo, mguu utulie kama umevunjika, uende hospitali.

Mama_Ruashi

Njia pia inaua. Baada ya Kasumbalesa mnahamia upande wa kushoto, na malori ya shaba yamejaa mpaka Ndola. Msiendeshe usiku. Laleni Kitwe au Ndola.

Na kabla ya avansi, ulizeni idara ya wanyamapori ya Zambia kama kampuni hiyo ina kitalu hicho na idadi ya mbogo iliyoruhusiwa mwaka huu, na kama mwindaji bingwa aliyetajwa ana leseni. Mkiwinda bila karatasi halali, mnaokamatwa ni ninyi wageni.

Mtoto_wa_Kamalondo

Aksanti sana. Je, uzio wa Afrika Kusini unapunguza hatari?

Papa_Katuba

Unapunguza saa za kufika hospitali. Mbogo ni yuleyule. Kama hakuna kati yenu aliyewahi kupiga na .375, ningechagua Afrika Kusini kwa swala pala na tandala, mbogo angoje.

Fundi_Risasi

Hapo sikubaliani kabisa, mwindaji bingwa mzuri Luangwa anashinda shamba lenye kiongozi mzembe. Ila mpaka majibu ya kiwanja, ndege na leseni yawe mkononi kwa maandishi, usitume hata dola moja.