Mrejesho: maharage yangu ya Himo yaliyokuwa yakinyauka

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini maharage yangu hunyauka jua likikaza siku chache tu. Mliniambia niache kuchoma mabua, niweke samadi iliyoiva na nipunguze kutifua, ili kuvu wa mizizini wasikatwe nyuzi zao, maana ndizo zinazofuata maji na fosforasi mahali mizizi isikofika.

Nimefanya upande mmoja wa shamba, mabua nikayaacha yawe matandazo. Mvua ilikatika wakati wa maua, na upande wenye matandazo ukabaki kijani siku kadhaa baada ya ule mwingine kulegea. Nikang'oa shina, nikapasua vinundu vya mizizini: ndani vyekundu, yaani bakteria waliomo wanafunga naitrojeni kweli (wanaitoa hewani na kuulisha mmea). Nilifurahi mno! Upande wa pili vilikuwa vichache, tena vyeupe.

Mbolea ya dukani bado naweka, ila kidogo. Asanteni sana.