Diski na bekapu za mashine pepe sita Lamu: njia ipi?

Mkomani_IT: Salaam aleikum. Seva ni moja, ya Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za programu ndani ya seva), RAM GB 32, mashine pepe sita, data kama GB 500. Njia zilizobaki ni tatu: SSD mbili za ZFS (mfumo wa kupanga na kulinda data kwenye diski) ndani ya seva, HDD nne za RAID 5 (data hugawanywa diski zote pamoja na pariti, hesabu ya kurudishia kilichopotea) na kadi yake, au NAS (kisanduku cha diski cha mtandao) pembeni. Umeme wakatika mara kwa mara.

fundi_malindi: Aleikum salaam. RAID 5 iondoe. Kila andiko dogo la hifadhidata huwa kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti, kuandika data, kuandika pariti. Mashine sita juu ya HDD zitangojeana tu. Diski moja ikifa, zilizobaki husomwa mwanzo hadi mwisho, na wakati huo huna akiba yoyote.

Chukua SSD mbili za GB 960 kwa mfumo wa kioo (data ile ile kwenye diski zote mbili), ashift=12 (vipande vya baiti 4096), na usijaze kupita asilimia 80. Ziwe zenye kapasita za kulinda maandishi umeme ukikatika. Hapo usibane pesa: hifadhidata hungoja diski ijibu "nimeandika", na SSD isiyo na kapasita hujibu polepole sana. Kadi ya RAID haitakiwi, ZFS izione diski zenyewe. ZFS isile RAM ya mashine: weka `options zfs zfs_arc_max=4294967296` ndani ya /etc/modprobe.d/zfs.conf (GB 4), kisha `update-initramfs -u`, uwashe upya.

shela77: NAS kwa waya wa Gbps 1 hutoa kama MB 110 kwa sekunde, zigawanywe kwa mashine zote sita. Swichi ikifa, zote zasimama. Iweke iwe ya bekapu.

Mkomani_IT: Bekapu yenyewe je, vzdump (amri ya bekapu ya Proxmox yenyewe) au Proxmox Backup Server (seva ya pekee ya bekapu)?

fundi_malindi: Backup Server, ndugu yangu. vzdump huandika nakala nzima kila usiku, Backup Server hutumiwa vipande vilivyobadilika tu. Shika nakala za siku 7, wiki 4, miezi 6. Tokeni ya seva (kitambulisho chake cha kuingia Backup Server) ipe ruhusa ya DatastoreBackup peke yake: mwizi akiingia kwenye seva, hawezi kufuta nakala za zamani. Ukisimba bekapu (kuzifunga kwa ufunguo wa siri), ufunguo uchapishe kwenye karatasi ukae nyumba nyingine. Seva ikifa na ufunguo ndani, bekapu zote ni takataka.

shela77: Nakala ya pili isikae nyumba ya jirani, mitaa yetu imebanana na moto hauchagui ukuta. Ipeleke Mokowe, ng'ambo ya bara. GB 500 kwa Mbps 10 ni zaidi ya siku nne na nusu, kwa hiyo ya kwanza ivuke kwa boti ndani ya diski, kisha mtandao ubebe mabadiliko.

baharini: Hamjataja chumvi. Pini za kebo ya SATA huota kutu ya kijani, na `zpool status` huanza kuhesabu CKSUM (makosa ya data). Msikimbilie kununua diski: tazameni SMART (ripoti ya afya ya diski) namba 199, ya makosa ya kebo. Ikipanda, badilisheni kebo, kisha `zpool clear` (kufuta hesabu) na `zpool scrub` (kukagua data yote). Hesabu ya 199 hairudi sifuri, basi iandikeni pembeni. Seva isikae dirisha la baharini.

Kila mwezi ijaribuni bekapu: rudisheni mashine moja kwa namba mpya, kadi yake ya mtandao ikiwa imekatwa, isije ikagombana na ile inayofanya kazi.