Wenye ngozi kavu, mnapaka faundesheni gani nyepesi ya kila siku? Tupeane uzoefu

Habari zenu wapendwa, naanza mimi mwenyewe. Nimekulia Dar, na kule faundesheni kavu isiyong'aa ndiyo ilikuwa mkombozi wangu maana kwa lile joto na jasho ukipaka ya kung'aa saa tano uso wote unateleza. Mwaka juzi nikahamishiwa Njombe kikazi nikabeba chupa ile ile. Mwezi wa sita ulivyoingia na ile baridi na upepo wake, jamani. Saa moja na nusu natoka nyumbani niko vizuri kabisa, ikifika saa nne pembeni ya pua kumeshatoka magamba, kuzunguka mdomo kuna mistari ambayo sijawahi kuwa nayo, mwenzangu ofisini akaniuliza dada unaumwa? Iliniuma sana siku ile.

Kilichonitoa hapo ni kusoma chupa. Mfano Maybelline Fit Me zipo za aina mbili, Matte + Poreless ambayo ni ya ngozi ya kawaida na ya mafuta, na Dewy + Smooth ambayo ni ya ngozi ya kawaida na kavu, chupa zinafanana na mimi miaka yote dukani nilikuwa naulizia namba ya shedi, yaani rangi inayofanana na ngozi yangu, tu basi. Nikahamia hiyo ya pili, ni nyepesi, madoa mazito haifichi lakini uso unaonekana kama nimetoka kuoga sasa hivi. Bado mchana unakaza kidogo ndo maana nawauliza, wenzangu mnafanyaje?

MAMA WAWILI
Mimi niko Makambako nakuelewa vizuri mno. Siku hizi sipaki faundesheni peke yake, naminya tone moja nyuma ya kiganja nachanganya na losheni ya uso yenye gliserini halafu napaka kwa vidole, vidole vina joto inayeyuka inakaa kama ngozi yako. Ila usichanganye na sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, hapo unaipunguza nguvu, sanskrini ipake kwanza peke yake uiache dakika kadhaa ikauke ndo uje na huo mchanganyiko. Na uso uwe na unyevunyevu, nikishanawa sijifuti mpaka ukauke, nagusisha taulo tu nawahi na losheni kabla maji hayajaisha usoni.

FUNDI WA MABIBI HARUSI
Nawaremba watu, ni kazi yangu, na wateja wa ngozi kavu ndio naowapenda kuliko wote kwa sababu ukiwapatia matokeo yanaonekana. Tatizo kubwa naloliona ni poda. Mtu ananunua faundesheni nzuri yenye maji maji halafu anaimwagia poda uso mzima, ule mng'ao wote aliolipia unafia hapo. Weka kidogo pembeni ya pua na katikati ya paji basi, mashavu yaache. Sponji uiloweshe uikamue vizuri kisha ugonge gonge, usisugue, ukisugua unanyanyua yale magamba.

Jambo lingine, kama faundesheni yako inatoa vipunje kama vya kifutio cha penseli ukiigusa, angalia praima, ile krimu ya kulainisha uso uliyotanguliza chini. Praima nyingi zina silikoni, kwenye orodha utaona neno dimethicone pale juu juu, sasa ukileta faundesheni ya maji juu yake mara nyingi hazishikani zinaachana. Ngozi kavu mimi hata praima siiwekei, losheni nzuri nasubiri dakika tano inatosha kabisa.

WA NAIROBI
Huku mwezi wa saba baridi yake pia inakausha uso vibaya. Lakini shida yangu mimi haikuwa ukavu tu, ni rangi. Miaka ya nyuma zile nyepesi za kung'aa zilikuwa na shedi chache na nyingi za watu weupe, mtu mweusi kama mimi ukipaka unapauka unakaa kijivu. Fenty Beauty walipotoka 2017 na shedi 40 nilifurahi mno, ila ile ya kwanza ilikuwa ya kutong'aa, nikasubiri mpaka 2019 walipoleta ile ya Hydrating. Bei si ya kila siku, kwa hivyo naitumia mahali nahitaji tu, chini ya macho na penye madoa, kwingine naacha ngozi yangu. Na mkienda dukani msijaribie mkononi, mkono na uso ni rangi mbili tofauti, paka kwenye taya, toka nje kwenye jua, ngoja kama dakika kumi maana nyingine zikikauka zinakuwa nyeusi zaidi.

NIMEACHA MKOROGO
Naomba niseme hili kwa mapenzi. Mimi niliamini nina ngozi kavu ya kuzaliwa, nikabadilisha faundesheni kama nane, zote zinakatika. Kumbe ni krimu ya kujichubua niliyokuwa napaka miaka mitatu, niliuziwa bila hata karatasi ya maelezo, ngozi ikawa nyembamba, inawaka jua likinigusa, inabanduka. Haidrokwinoni na zebaki, kemikali za kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na TBS (Shirika la Viwango) ndio wanaosimamia, lakini mtaani bado zipo, na nyingine zina steroidi kali ndani yake. Nilienda kwa daktari wa ngozi akaniachisha taratibu kwa utaratibu wake, ilinichukua zaidi ya mwaka. Leo napaka losheni na faundesheni nyepesi tone moja tu na inakaa mpaka jioni. Dada zangu kama kila unachopaka kinabanduka, kabla ya kununua chupa nyingine angalia kwanza hicho unachopaka usiku.

MWANZISHA MADA
Asanteni sana, hasa dada wa mwisho, umeniliza. Mrejesho: leo nimeacha poda mashavuni na nimenawa kama alivyosema Mama Wawili, sasa hivi saa tisa mchana na bado uso haujakaza! Kilichobaki ni shedi, duka la hapa hiyo ya kung'aa wana rangi mbili tu na zote nyeupe kwangu. Aliye Mbeya au Iringa anayejua wanapouza shedi za weusi aniambie, wikiendi hii niko tayari kupanda basi.