Tupeane uzoefu: kitabu kilichokuchekesha mahali pasipo pa kuchekea

Mwanamikindani (mwanzisha mada), Mtwara

Wana Kusini hamjambo, na msio wa Kusini karibuni, Mtwara kuchele. Umeme umekatika tangu magharibi na simu inakaribia kuzima, kwa hiyo naandika haraka.

Mwaka 2011 nilikwenda msibani Mikindani, upande wa mume wangu. Marehemu sikuwahi hata kumwona. Siku ya pili shughuli imepoa, wanawake tumejilaza mikekani uani, wengine wanamenya vitunguu. Mimi ndani ya kanga nina *Duniani Kuna Watu* cha Muhammed Said Abdulla, jalada limeshatoka. Nikasema nisome kurasa mbili tu, nizuie usingizi. Wanaomjua Bwana Msa, mpelelezi wa mle, na kiko chake watanielewa. Si kwamba kuna vichekesho vimeandikwa mle. Ni Kiswahili chenyewe kile cha Unguja: watu wanaitana "bwana" kwa adabu zote na huku wanachimbana. Nikajikaza. Nikauma upindo wa kanga. Kicheko kikatokea puani.

Uani kimya. Bibi mmoja, shangazi wa marehemu, akasimamisha tasbihi yake. "We mwanangu, kumbe mtani?"

Ningejibu nini jamani? Nikasema, "Ndiyo, bibi."

"Sasa tangu jana umekaa kimya kwa nini, watu tumezubaa!"

Basi nikavishwa koti la marehemu, nikapewa bakora yake, nikaambiwa nitembee kama alivyokuwa akitembea. Mtu nisiyemjua! Nikachechemea tu, liwalo na liwe. Uani wote ukaangua kicheko na kilio kwa pamoja. Kumbe marehemu mguu mmoja ulikuwa mfupi.

Nilikusanya shilingi 4,700 za utani siku ile. Mpaka leo ukoo ule ukifiwa napigiwa simu mimi kwanza, kabla ya mume wangu: "Mtani, unafika saa ngapi?"

Haya, na wewe? Kitabu gani, na ulikuwa wapi?

Kuchele wa Chuno

Dada, msiba nimeuelewa na mbavu zinauma. Ila Bwana Msa ni upelelezi. Uzi unasema vitabu vya kuchekesha, tusichanganye mafaili.

Mwanamikindani

Mkuu, mimi nimesema kilichokuchekesha. Kama wewe ulicheka ukisoma risiti ya maji, lete risiti.

Mama Wawili, Lindi

Mimi ni Abunuwasi na ile sufuria iliyozaa. Asiyeikumbuka: Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kasufuria kadogo ndani yake, anasema imezaa. Jirani kwa tamaa anapokea. Mara ya pili Abunuwasi anaazima tena, harudishi, akiulizwa anasema imekufa. Kilichozaa si lazima kife?

Nilimsomea mwanangu wa kwanza akiwa na miaka sita. Akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Wiki hiyohiyo jirani yetu, bi mkubwa mmoja ninayemheshimu sana, alikuwa ameazima sufuria letu kubwa kwa ajili ya kumtoa mwali. Akalirudisha asubuhi, limesuguliwa linang'aa. Mtoto akainama akachungulia ndani, akainua uso: "Bibi, halijazaa?"

Mimi nilikuwa jikoni, sikuona sura yake. Niliona tu ameweka sufuria chini akaondoka bila kuaga. Siku tatu salamu yangu inaitikiwa kwa pembeni. Nikawa najiuliza nimemkosea nini, maana hata maji ya kisima chake watoto walianza kuogopa kwenda kuteka.

Siku ya nne kaja na kasufuria kadogo, kale ka mpini mmoja kalikovunjika, amekafunika kitambaa. Kumbe alikuwa amekaazima tangu Idi, akasahau kwake, nami nikasahau. Alidhani nimemtuma mtoto kumdai kwa mafumbo. Ikabidi nikalete kitabu nimsomee hadithi yenyewe palepale kibarazani, aone mtoto kaitoa wapi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka hata kidogo, kisha akasema, "Huyo jirani wa Abunuwasi mjinga. Mimi ningesema, nipe kaburi nikalione."

Mwalimu Mstaafu, Masasi

Marahaba kwa wote walionitangulia, najua mlitaka kusema shikamoo.

Mimi nitataja *Mabepari wa Venisi*, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, ikatoka mwaka 1969. Nakala yangu nilikuwa nikiwasomea wanafunzi Ijumaa kipindi cha mwisho, pale ambapo hata ukiwafundisha pepo hawasikilizi. Niwaambie jambo lililonishangaza. Yumo mtumishi mchekeshaji, amesimama njiani anashauriana na dhamiri yake na shetani kama atoroke kwa bwana wake au abaki. Sehemu hiyo imeandikwa watu wacheke. Niliisoma kwa sauti mbili, na mikono nikatupa, darasa linanitazama kama linatazama mvua.

Lakini kwa Shailoki ilikuwa tofauti. Anamkopesha Antonio fedha, na asipolipa kwa wakati atakatwa ratili moja ya nyama mwilini. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu si kangomba?"

Kwa wasio wa huku: kangomba ni kununua korosho kwa mkulima nje ya mnada wa ushirika, kwa vipimo visivyo rasmi, mara nyingi mkulima akiwa ameshakula fedha za mnunuzi miezi ya njaa, korosho zenyewe zingali maua. Darasa likavunjika. Mtoto mwingine, ambaye kila mtu alijua kazi ya baba yake, akasimama kwa hasira: "Baba hapimi nyama!" Hapo ndipo nilipolazimika kugeukia ubao.

Lakini aliyenimaliza ni binti mmoja mpole wa mstari wa mbele. Tumefika mahakamani, Poshia ameshamwambia Shailoki achukue nyama yake ila damu isidondoke hata tone, na isizidi wala kupungua ratili. Binti akauliza, taratibu kabisa: "Mwalimu, na unyaufu je?"

Nilikaa kwenye kiti. Wakulima humu wanajua. Unapeleka ghalani kilo zako, siku ya malipo unaambiwa zimepungua, zimenyauka. Shakespeare mzima, na mawakili wake wote, hilo hakulifikiria. Nyama ya Antonio ingelala ghalani wiki mbili ikisubiri mnada, Shailoki angedaiwa yeye.

Kuchele wa Chuno

Mwalimu shikamoo. Hiyo ya unyaufu nimemsomea baba yangu hapa. Hajacheka. Ameanza upya kulalamikia malipo ya mwaka juzi, sasa ni saa nzima.

Kinyozi wa Zamani, Ligula

Mtanikataza lakini nasema: Sani, lile jarida la katuni. Lodi Lofa, Madenge, Kipepe, Ndumilakuwili. Kama si kitabu basi mimi sijawahi kusoma kitabu. Kwenye saluni yangu nilikuwa na nakala kumi na mbili, zimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Shida ni kwamba mtu anayesoma Sani hatulii kichwa. Nimeshamnyoa mteja mstari wa panda kwa sababu ya Madenge, na sikumdai hela.

Mwanamikindani

Sani inaingia. Baba yangu alikuwa anakata na katuni za Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, anabandika ukutani kwa uji wa muhogo. Mende walikuwa wanaanza na maandishi.

Utingo wa Kusini

Mimi nimefanya kazi kwenye mabasi ya Mtwara na Dar es Salaam miaka tisa. Abiria husahau vitu: mwavuli, viatu, na mara moja kuku. Siku moja nikaokota kitabu cha Kiingereza chini ya kiti, *Three Men in a Boat* cha Jerome K. Jerome, Mwingereza, cha mwaka 1889. Kidato cha sita nilimaliza, Kiingereza ninacho cha kutosha kucheka nacho. Ni wanaume watatu na mbwa wao wanapiga kasia mto Thames, na hakuna kinachokwenda sawa.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga, tulikwama. Mkubwa kwa mdogo, watoto wanalia, mhogo wa kuchoma umepanda bei mara tatu, na dereva wangu amenuna hataki kuongea na mtu. Jioni ya pili nikapanda kwenye ngazi ya mlango nikaanza kuwasimulia.

Nilianza na nanasi la kopo, maana mimi ndilo linaloniua. Wale jamaa wana kopo la nanasi, hamu imewashika, kifungulio hawana. Mmoja anajaribu kisu cha mfukoni, anajikata. Wa pili mkasi, unaruka nusura umtoboe jicho. Wanalipiga kwa mlingoti na jiwe, kofia ya majani ndiyo inamwokoa mmoja wao. Kopo linakuwa bapa, linakuwa mraba, linapata maumbo yote ya jometria, ila tobo halitoki. Mwisho wanalitupa katikati ya mto na kulilaani.

Mzee mmoja wa Kilwa Kivinje akanisikiliza mpaka mwisho. "Watu watatu," akasema, "hawana panga?"

Nikasema hawana, mzee wangu.

"Wanasafiri mtoni hawana panga." Akatikisa kichwa. "Na nanasi la kopo la nini? Nanasi bichi wamelikosa?"

Ikawa mjadala. Mama mmoja akasema kopo unalisugua mdomo wake kwenye sakafu ya saruji linafunguka lenyewe. Mwingine akasema mtoni saruji utaipata wapi. Nusu saa watu wanamtafutia Mwingereza aliyekufa njia ya kufungua kopo, na hakuna aliyecheka.

Nikabadilisha. Nikawapa yule mjomba mle ndani, Podger, anayetundika picha ukutani. Anasema "niachieni mimi," halafu huyu atumwe misumari, huyu nyundo, huyu ashike taa, huyu ngazi. Anajikata, anatafuta leso, leso iko kwenye koti, koti halionekani, nyumba nzima inatafuta koti, kumbe amelikalia. Msumari unadondoka, watu wazima wanatambaa sakafuni kuutafuta, ukipatikana nyundo imepotea. Picha inakaa saa sita usiku, imepinda, ukuta umetoboka, naye anajisifu.

Basi lilitikisika. Kila mtu ana mjomba huyo! Wengine walianza kutaja majina. Na dereva wangu, aliyenuna siku mbili, nikamwona kwenye kioo mabega yanapanda na kushuka. Mchana ule alikuwa ametuzungusha abiria wanane kutafuta jeki. Alikuwa amekalia jeki.

Mama Wawili, Lindi

Kaka, huyo mjomba mimi nimeolewa naye.

Mtoto wa Nachingwea

Naomba msinicheke. Mimi kitabu changu ni ukurasa mmoja.

Nilikuwa darasa la nne, miaka ya 1990. Jioni natumwa sokoni kununua mihogo ya kukaanga, inafungwa kwa karatasi za vitabu vya zamani na madaftari. Siku hiyo nikafungiwa ukurasa wa Abunuwasi, una mafuta mpaka upande wa pili unaonekana. Masikini mmoja ana chakula kikavu, hana kitoweo, akaenda kukaa karibu na nyumba ya tajiri inakopikwa vitu vizuri, akala huku ananusa ile harufu. Tajiri akamshitaki: umekula harufu ya chakula changu, nilipe. Wakaenda kwa Abunuwasi. Abunuwasi akafikiri, akamwita tajiri, akamwambia…

Ukurasa ukaishia hapo.

Nilirudi kwa yule mama muuza mihogo mbio. Kurasa zilizofuata alikuwa ameshafungia watu. Nikauliza nani kanunua baada yangu, akataja watu wanne. Nikawaendea. Mmoja alikuwa ameshawashia jiko. Vitabu vya Abunuwasi nimeviona baadaye, ila hadithi hiyo sijakutana nayo tena. Zaidi ya miaka thelathini. Anayejua aliamuaje?

Mwalimu Mstaafu, Masasi

Mwanangu, ninavyoijua mimi, Abunuwasi alichukua fedha akazitikisa tajiri asikie mlio. "Umesikia?" "Nimesikia." "Basi umelipwa. Aliyekula harufu hulipa kwa mlio." (Na mjue Abunuwasi si wa kubuni tu. Alikuwapo mshairi wa Baghdad jina hilo, zama za Harun Rashid, na mashairi yake mengi ni ya mvinyo. Hilo darasani sikulisema.)

Mtoto wa Nachingwea

Asante mwalimu. Nimekaa nimetulia kidogo.

Sasa nikiri kitu. Watoto wangu nimewasimulia hiyo hadithi miaka yote, na mwisho niliutunga mwenyewe maana hawakukubali kulala bila mwisho. Kwangu Abunuwasi anamwambia masikini, "Harufu ya watu irudishe." Masikini anamsogelea tajiri, anavuta pumzi, anamcheulia usoni.

Kuchele wa Chuno

Mkuu…

Mama Wawili, Lindi

Wanangu wamesikia. Wote wawili wanajaribu sasa hivi.

Mwalimu Mstaafu, Masasi

Mlio wa fedha ni hukumu ya busara zaidi. Lakini mke wangu yuko chumba cha pili nimemsomea zote mbili, na kwa ile ya pili ametoka mpaka uani.

Mwanamikindani

Umeme umerudi. Mimi kura yangu kwa wa kucheua. Na Mtoto wa Nachingwea, wale wanne uliowafuata, watatu waliobaki walisemaje?

Mtoto wa Nachingwea

Wawili walikuwa wamekula mihogo wakatupa karatasi shimoni. Wa tatu alikuwa babu mmoja, yeye alikuwa nayo bado, amekaa nayo kibarazani anacheka peke yake. Nikamwomba. Akasema, "Subiri nimalize." Hajui kusoma, alikuwa anatazama picha. Nikasubiri mpaka giza likaingia, nikaitwa nyumbani.