Mjadala: Dodoma tukipata bustani ya mimea, sanaa iingie au ibaki nje?

Wadau, nauleta hapa ubishi tulioanza juzi tukiwa Nyerere Square. Jamaa yangu anayeotesha miche anashikilia kwamba bustani ya mimea ni ya mimea. Ukishaleta sanamu na maonyesho ya msimu, anasema, watu watakuja kupiga picha, watakanyaga mizizi, na kibao chenye jina la mti hakitasomwa na mtu.

Mimi nasema iingie. Bila sanaa, bustani ya Dodoma itakosa watu kila kiangazi.

Mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Ikifika Julai mbuyu umebaki matawi, migunga imeshika vumbi, na mgeni anasema hapa hapana kitu. Kipo! Sogelea gome la mbuyu: rangi ya majivu yenye wekundu kwa mbali, limejikunja kama goti la tembo, na juu kuna makovu ya vigingi vya warina asali. Tunalipita kila siku. Mchongaji akiweka kazi yake kando ya gome lile, mtu atasimama, na akisimama ataanza kuuliza.

Bustani ya mimea ya New York, tangu 1992, kila msimu wa sikukuu huonyesha treni ndogo zikipita kati ya majengo ya mji yaliyoundwa kwa magome, majani na mbegu. Sisi tunashindwa nini kuunda tembe la Kigogo, ile nyumba ya jadi, kwa fito na magome ya huku, na ndani yake likaning'inizwa zeze? Mtoto akiuliza kile kibuyu cha zeze kimetoka wapi, unamwonyesha mmumunye unaotambaa pale nje. Na michoro ya miambani Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, imekaa porini siku zote bila kuuonea mti wowote.

Jamaa yangu namkubalia moja tu: taa za usiku. Mbuyu huchanua karibu na mvua za mwanzo. Ua lake kubwa jeupe hufunguka jioni, kesho yake linadondoka, na wanaolichavusha ni popo. Popo wengi hukwepa mwanga. Ukiuzungushia mbuyu taa za sikukuu majira hayo, ubuyu utautoa wapi?

NYONGEZA: Dada mmoja ameuliza maua ya hayo maonyesho ya msimu yatanyweshwa maji gani, wakati mitaani tuna mgao. Ana haki kabisa. Mji huu unaishi zaidi kwa visima vya Mzakwe. Siwezi kutetea ua la kumwagiliwa asubuhi na jioni wakati jirani yangu anapanga ndoo. Ndiyo maana nataka msimu wetu uwe wa kiangazi chenyewe: adeniamu, ile yenye shina nene, hutoa maua mekundu ikiwa haina hata jani. Hiyo ipangwe mbele, sanaa iizunguke.

Ambalo sijalipatia jibu ni kiingilio. Mwanafunzi wa shule ya msingi anayetoka Chamwino alipe kiasi gani, na kama aingie bure, mchongaji atalipwa kutoka fungu lipi? Wenye uzoefu wa makumbusho na hifadhi, karibuni.